RAIS ACHAGULIWE NA NANI?

Swali hili lilipoletwa katika mjadala wa chama chetu, wengi walisema heri wabunge watuchagulie rais, tupumzike na gharama na vurugu. Mie nilikuwa upande wa pili, na ndiko niliko hadi leo.

Wenzangu walitolea mfano Marekani. Huko raia hupiga kura, lakini wanaomweka rais ni wajumbe 538, na mwenye kupata 270 ndiye mshindi. Ndiyo maana Al Gore mwaka 2000 na Hillary Clinton mwaka 2016 walipigiwa kura nyingi na raia kuliko wapinzani wao, na Ikulu wakaikosa. Sasa huo ni mfano wa kuigwa?

Hata hapa kwetu jambo hili si geni. Mzee Kenyatta aliingia urais tarehe 12 Desemba 1964 akitoka kwenye uwaziri mkuu, bila kura ya rais kupigwa. Kiti kingebaki wazi, wabunge ndio wangemchagua mwingine. Mwaka 1968 katiba ikabadilishwa, uchaguzi ukarudi kwa raia. (Ulirudi kwenye karatasi, maana mpaka 1992 mgombea alikuwa mmoja tu!)

Hebu tupige hesabu. Mbaraki yetu imo katika jimbo la Mvita. Kaunti ya Mombasa ina majimbo 6 kati ya 290 ya nchi nzima, na katika uchaguzi wa 2022 ilikuwa na wapiga kura zaidi ya 640,000. Lamu ina majimbo 2 na wapiga kura 81,000 hivi. Tukigawanya, mbunge mmoja wa Mombasa anasimamia wapiga kura laki moja na ushei, wa Lamu kama elfu arubaini. Wabunge wakichagua rais, basi sauti ya mtu wa Mbaraki haifiki hata nusu ya sauti ya ndugu yake wa Lamu. Kosa letu nini, kuishi mjini?

Aliyetoka Lamu aliniuliza: na sisi wachache tusimezwe? Swali lake ni la haki. Lakini katiba ya 2010 imeshamfikiria: mshindi sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia asilimia 25 katika kaunti zaidi ya nusu, yaani 24 kati ya 47. Katika hesabu hiyo Lamu ni kaunti moja na Nairobi ni kaunti moja. Moi mwaka 1992 alishinda kwa asilimia 36 hivi. Leo asingeshinda kwa hizo.

Na kura moja moja si kitu kidogo. Mwaka 2022 William Ruto alimpita Raila Odinga kwa kura 233,211. Waliojiandikisha Mombasa peke yake ni zaidi ya maradufu ya hizo.