MAJI YA MVUA NA NYUMBA MPYA ZA TUALA

Tuala ipo katika Kaunti ya Kajiado, kusini ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Zamani nchi hiyo ilikuwa malisho ya ng'ombe wa Wamasai. Siku hizi imekatwa viwanja, na nyumba za mawe zaongezeka mwaka hadi mwaka. Maji yake huteremkia mito ya Mbagathi na Kitengela, ambayo huingia mto Athi.

Katika masika ya mwaka 2024 mito mingi ya Kenya ilifurika. Watu zaidi ya 200 walikufa katika nchi nzima, na nyumba nyingi za Kitengela na za kando ya mto Athi ziliingiwa na maji. Kwa hiyo yafaa kila ajengaye karibu na mto ajue jinsi ramani ya mitaro ichunguzwavyo.

Kwanza ifahamike kwa nini nyumba huongeza maji. Majani huyachelewesha maji, na ardhi huyanywa kidogo kidogo. Paa na lami havinywi kitu. Tena udongo mweusi wa huko hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, lakini ukilowa huvimba na kuziba, hata maji hayapenyi upesi.

Hesabu yake ni nyepesi. Mvua ya milimita 1 juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi paa la meta 100 za mraba, likinyeshewa milimita 50, humwaga lita 5,000, yaani mapipa 25 ya lita 200. Nyumba 100 za namna hiyo humwaga lita 500,000, bila kuhesabu barabara wala nyua.

Mchunguzi wa ramani hana budi kuuliza maswali manne:

1. Maji yatoka wapi? Isihesabiwe mvua ya kiwanjani peke yake. Maji ya nchi ya juu nayo yatapita hapo, kwa kuwa maji hayajui mawe ya mpaka.

2. Ni kiasi gani? Mtaro upimwe kwa mvua kubwa ijayo mara moja katika miaka mingi, wala si kwa manyunyu ya kila siku.

3. Yapitaje? Mtaro usio na mteremko hujaa matope, na wenye mteremko mkali mno huchimbika. Karavati lipitalo chini ya barabara lisiwe jembamba kuliko mtaro uliletao maji. Likiwa hivyo, barabara yageuka boma, na nyumba za juu huzama.

4. Yaishia wapi? Si haki kumwagia jirani wa chini. Mtaro ufikapo mtoni, ukingo utandikwe mawe usimomonyoke. Tena ikumbukwe kwamba mto ukijaa, maji ya mtaro hukosa njia na kurudi nyuma. Dawa yake ni matangi ya kukingia maji ya paa, pamoja na bwawa la kuyazuia maji kwa muda na kuyatoa polepole.

Sheria nayo imesema. Kwa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, ajengaye sharti apate kibali cha kaunti. Na kanuni za maji za mwaka 2007 zilitenga ukingo wa meta 6 hadi 30.

Anunuaye kiwanja, hata kama si fundi, aombe kuonyeshwa ramani ya mitaro kabla ya kutoa fedha. Kisha atembee mahali penyewe baada ya mvua, atazame takataka zilizonaswa katika miiba: hapo ndipo maji yalipofika. Na wakazi waizibue mitaro kabla ya masika na kabla ya vuli, kwa maana mtaro uliozibwa na taka haumfai mtu. Maji hufuata mkondo. Ni heri kuujua mkondo huo kabla ya kuweka msingi.