Basel Saa Kumi Alfajiri: Adabu za Mgeni Kwenye Fasnacht

Wageni wengi wanaokwenda Basel kwa ajili ya Fasnacht hukosea kabla hata hawajatoka hotelini: hujipamba. Wamezoea picha za Rio na Venice, basi hujipaka rangi usoni, huvaa wigi la kijani na pua ya plastiki, kisha hushangaa wenyeji wanapowatazama kwa jicho la pembeni. Kanivali ya mji huu wa Uswisi, ulio ukingoni mwa mto Rhine, ni ya aina nyingine. Ngoma ina wenyewe. Anayecheza hujificha mwili mzima, kuanzia utosini hadi viatuni, na anayetazama huvaa koti lake la kila siku. Nusu huku nusu kule haipo. Mgeni akilishika hilo, sehemu kubwa ya adabu ameshaipata.

Fasnacht huanza Jumatatu inayofuata Jumatano ya Majivu, wakati kanivali za miji mingi ya Kikatoliki zimeshapita na watu wameingia Kwaresima. Basel iligeukia Uprotestanti mwaka 1529, lakini sherehe haikuiacha. Huanza saa kumi kamili alfajiri na kumalizika Alhamisi saa kumi alfajiri, yaani saa 72, bila nyongeza. Mwaka 2027 itaanza tarehe 15 Februari. Tangu mwaka 2017 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wachezaji ni kama 20,000 na watazamaji kama 200,000, katika mji ambao wakazi wake hawafiki laki mbili.

Ukiwa na nafasi ya kuona jambo moja tu, liwe lile la alfajiri ya kwanza, Morgestraich. Treni za ziada huletwa usiku huo, lakini tramu hazipiti katikati ya mji, kwa hiyo utatembea kwa miguu. Uwe umeshasimama mahali pako ifikapo saa tisa na nusu. Kengele ya kanisa la Mtakatifu Martin ikigonga saa kumi, taa zote za barabarani katikati ya mji huzimwa kwa mpigo mmoja. Maduka nayo yanakuwa yameshazima taa za madirishani. Giza totoro. Viongozi wa ngoma hutoa amri, na makundi yote, kila moja kwenye kichochoro chake, huanza kupiga wimbo uleule kwa wakati mmoja: ngoma za kijeshi na filimbi ndogo za pikolo, zile zenye sauti kali inayopenya masikioni. Mwanga pekee ni wa kandili. Kila mpigaji ana kandili ndogo kichwani, na mbele ya kundi huenda kandili kubwa kupita kimo cha mtu, imepakwa picha pande zote na kuwashwa kwa ndani.

Sasa fikiria flashi ya simu inawaka katikati ya giza hilo. Hilo ndilo linalowaudhi wenyeji kuliko yote. Zima flashi ungali hotelini na upunguze mwanga wa kioo. Mimi ningesema iache simu mfukoni kwa nusu saa ya kwanza, kwani picha zenyewe huwa hazitoki vizuri gizani.

Mapambazuko yakikaribia, watu humiminika mikahawani kunywa supu ya unga wa ngano uliokaangwa hadi ukawa kahawia, ikinyunyiziwa jibini, pamoja na mkate bapa wa vitunguu au wa jibini. Mwislamu aulize kwanza: mkate wa vitunguu mara nyingi hutiwa vipande vya nyama ya nguruwe, na supu nayo huweza kuwa na mchuzi wa nyama. Sherehe ya 2027 itaangukia ndani ya Ramadhani, na kwa kuwa alfajiri ya Februari huko huchelewa kuingia, bakuli la supu saa kumi na moja linaweza kuwa daku lako, mradi umeridhika na kilichomo.

Siku zinazofuata makundi huzunguka ovyo katika vichochoro vya mji mkongwe, bila ratiba. Yapishe. Usikate katikati ya safu, usimzuie kiongozi ili upate picha, usiguse ngoma, na kamwe usimwombe mtu avue kinyago akuonyeshe uso. Unaruhusiwa kufuata nyuma ya kundi, tena inapendeza: unakwenda mwendo wao wa polepole, kimya, hadi utakapochoka.

Kiini cha yote ni kejeli. Kila kundi huchagua mada ya mwaka, iwe mwanasiasa, benki au kashfa ya mjini, na kuichora kwenye kandili, kuishona kwenye mavazi na kuitungia beti katika Kijerumani cha Basel. Msomaji anayezijua habari za ngoma ya beni, jinsi vyama vya Mombasa na Lamu vilivyovaa sare, vikaandamana na kurushiana maneno kwa nyimbo, hatahitaji maelezo marefu. Beti hizo huchapwa kwenye karatasi ndefu nyembamba za rangi. Ukipewa, ipokee na usiitupe chini. Kandili zenyewe huwekwa uwanja wa kanisa kuu, Münsterplatz, kuanzia Jumatatu jioni hadi Jumatano asubuhi, na hapo unaweza kuzitazama na kuzipiga picha kwa nafasi.

Gwaride kubwa hupita Jumatatu na Jumatano kuanzia saa saba na nusu mchana. Juu ya magari utawaona Waggis, wenye pua kubwa kama boga na nywele za timutimu. Hurusha machungwa, peremende na maua, na wanaweza kukumwagia gunia zima la vipande vya karatasi. Nunua beji ya mwaka, Blaggedde, na uibandike kotini mahali inapoonekana. Ya shaba ni karibu faranga 10, na fedha zake huyasaidia makundi. Asiyeivaa ndiye anayelengwa kwanza. Ukitaka kurusha karatasi nawe, nunua mfuko wa rangi moja. Mchanganyiko wa rangi humaanisha umeziokota chini, na huo ni uchafu. Wanaopiga ala usiwarushie.

Jumanne ni ya watoto mchana, na jioni bendi za tarumbeta, zinazopotosha sauti kwa makusudi, huteka viwanja vya mji. Wenye masikio mepesi wajihadhari.

Jambo moja lisemwe wazi kwa msomaji wa Afrika. Kejeli hiyo mara nyingine imemchora Mwafrika kwa sura za kikoloni. Mwaka 2018 jina na nembo ya bendi moja vilizusha mabishano makali, wengine wakitetea mila na wengine wakipinga, ndani ya Basel kwenyewe. Kuheshimu mila ya mwenyeji si kumeza kila kitu. Ukikutana na kinyago cha namna hiyo, hudaiwi kicheko wala makofi. Pita zako, na ukitaka kuuliza, uliza mezani baadaye, si katikati ya njia.

Mwenyeji wa kumuuliza unaweza kumpata kwa urahisi kuliko unavyodhani. Tangu Rudolf Geigy wa Taasisi ya Kitropiki ya Uswisi, iliyoanzia Basel, alipofungua maabara Ifakara miaka ya 1950, watafiti wa Tanzania na wa mji huo wamekuwa wakitembeleana. Ukiwa na jamaa au rafiki wa upande huo, mwandikie mapema.

Hoteli hujaa zamani kabla ya Februari. Wengi hulala Zurich, kama saa moja kwa treni. Atakayelala Basel hupewa BaselCard, na kwa kadi hiyo hupanda tramu na basi bila kulipa. Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen. Visa huombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15. Beba soksi za sufu na viatu vya soli nene, maana alfajiri ile baridi huweza kushuka hadi nyuzi sifuri, na utasimama muda mrefu juu ya mawe.