Moto wa Kifuani Baada ya Chakula

Somo langu safari hii ni juu ya jambo ambalo nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi wa darasa langu la elimu ya viumbe hapa Ludara, na mara nyingi zaidi na wazee waliosoma zamani tunapokutana sokoni. Kwa nini mtu akisha kula husikia moto, au uzito, au maumivu katikati ya kifua? Je, ni moyo, au ni tumbo?

Swali si jepesi, maana hata lugha yachanganya mambo haya. Pale mbavu zinapoachana, chini ya mfupa wa kifua, Waswahili hupaita chembe cha moyo, na kumbe kilichopo ndani yake ni mfuko wa chakula. Mtu akitaka kutapika husema moyo wamchafuka. Waingereza nao kiungulia hukiita kuungua kwa moyo, wala moyo wenyewe hauna habari. Basi na tuifuate kwanza njia ya chakula, ndipo tujue moto hutoka wapi.

Chakula kikimezwa hupita katika umio, mrija wa nyama wenye urefu wa kama sentimeta 25 kwa mtu mzima. Umio hushuka nyuma ya moyo, hupenya tundu la kiwambo, yaani ule ukuta wa misuli utengao kifua na tumbo, kisha huingia katika mfuko wa chakula. Mlangoni mwa mfuko huo pana msuli wa mviringo, mfano wa kamba ifungayo mdomo wa gunia. Hulegea chakula kipite, kisha hukaza tena. Ndani ya mfuko mna asidi kali, nayo ni ile ile ya haidrokloriki tuiwekayo katika chupa za maabara. Mfuko una ute mzito wa kuukinga ukuta wake. Umio hauna kinga kama hiyo. Kwa hiyo kamba ikilegea wakati usiopasa, asidi hupanda na kuuchoma umio. Hicho ndicho kiungulia. Moto hutoka chembe cha moyo ukapanda kuelekea kooni, maji makali huja kinywani, mtu hucheua, na akiinama kufunga viatu au akilala chali huzidi.

Sasa tazameni desturi zetu. Ugali wa muhogo na mtama waliwa jioni, tena kwa kushiba, pamoja na mboga zilizoungwa kwa siagi ya karanga au simsim. Chakula hicho ni chema, wala simlaumu mpishi. Ila mafuta hukikawiza chakula tumboni, na mfuko uliojaa sana huisukuma ile kamba. Halafu wapo wavulana bwenini ambao sahani haijakauka maji nao wamekwisha panda kitandani! Mtu aliyeketi au kusimama, uzito wenyewe huivuta asidi chini; aliyelala hana msaada huo. Saa mbili au tatu kati ya kula na kulala zatosha kuwaponya wengi bila dawa yo yote. Kwa wakubwa, kwete, waragi na sigara huulegeza msuli ule, na mama mja mzito hupata kiungulia kwa sababu mtoto husukuma kutoka chini.

Nimewaona watu wakinywa maji ya majivu, yale ya kulainishia mboga. Kwa kanuni za kemia wana haki kidogo, maana majivu ni alkali nayo huituliza asidi. Lakini alkali kali huchoma umio vibaya kuliko asidi. Kijiko ndani ya chungu cha mboga hakina neno. Kikombe cha kunywa ni jambo jingine kabisa. Heri kuweka matofali chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwa, na kulala kwa ubavu wa kushoto. Mfuko wa chakula umepindia kushoto, hivyo ukilala upande huo asidi hukaa chini ya mlango.

Hapa yafaa nitaje historia ya kwetu. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ailandi ya Kaskazini, aliingia Uganda mwaka 1946 akaanzia kazi Lira, kisha akahamia Kampala. Mwaka 1961 alifunga safari ya gari ya maili 10,000 hivi mpaka Afrika ya Kusini, akiulizia ule uvimbe wa taya za watoto ambao leo waitwa kwa jina lake. Mmoja wa wenzake wawili garini alikuwa Daktari Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva, hapo karibu na Arua. Miaka ya baadaye Burkitt aligeukia habari za chakula. Aliona kwamba henia ya kiwambo, yaani sehemu ya mfuko wa chakula kupanda kifuani kwa kupitia lile tundu, ilikuwa ya kawaida Ulaya na Marekani lakini haba sana katika hospitali za mashambani Afrika. Hoja yake ilikuwa hii: wala mkate mweupe hufunga choo, hujikamua chooni, na nguvu hiyo huusukuma mfuko juu, wala nafaka isiyokobolewa, maharage na majani hawana taabu hiyo. Mimi nakubali nusu. Penye vyombo vichache vya kutazamia ndani ya mwili, magonjwa mengi huonekana haba, na unene nao una sehemu yake kubwa. Lakini kijana aliyeacha mtama akashika chapati na soda, nadhani Burkitt angekuwa na neno naye.

Si kila moto ni kiungulia. Vidonda vya tumbo huuma chembe cha moyo, pengine hata usiku tumbo likiwa tupu. Zamani vilisingiziwa mawazo na pilipili, mpaka madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipogundua mwaka 1982 kijidudu kinachosababisha vingi vyake. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Vingine huletwa na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, zile dawa za maumivu tununuazo dukani kama peremende. Doksisaiklini nayo ikimezwa kwa mate tu, mtu akalala, huganda kwenye umio na kuutoboa kidonda. Vijiwe vya nyongo huuma chini ya mbavu za kulia baada ya nyama ya mafuta, na maumivu hufika bega la kulia.

Kuna jambo moja nataka lisomwe mara mbili. Chakula kikianza kukwama kifuani, kwanza ugali, kisha uji, na mtu akakonda, hicho si kiungulia. Saratani ya umio ni nyingi katika nchi za mashariki ya Afrika, Uganda ikiwamo, na wagonjwa wengi hufika hospitali maji yenyewe hayapiti tena. Vivyo hivyo atapikaye damu, au apataye choo cheusi kama lami, asikae nyumbani.

Sasa nageukia moyo, na hapa nasema hasa na ninyi mliotutangulia shuleni. Mishipa ya fahamu ya moyo na ya umio huingia katika uti wa mgongo karibu mahali pamoja, na ubongo hushindwa kupambanua habari imetoka kwa nani. Mzee mmoja wa kwetu alisema ana kiungulia, akitafuna vidonge vya kutuliza asidi kila siku. Nilimwuliza moto huja lini. Akajibu: akipanda kilima na baiskeli kutoka mtoni, hasa akiwa ameshiba, akipumzika chini ya mti huisha. Nikamwambia tumbo halijui kilima. Wanawe walimpeleka Arua, moyo ukapimwa kwa mashine, ikaonekana mishipa yake imekuwa myembamba. Leo anatumia dawa zake na angali analima.

Maumivu ya moyo hukandamiza kama gunia lililowekwa kifuani, huenda mkono wa kushoto, taya au mgongo, na jasho baridi hutoka, pumzi ikawa fupi. Kwa wanawake na wenye kisukari pengine huwa kichefuchefu na uchovu tu. Yakiendelea hata mtu akipumzika, msingoje asubuhi mkisema ni ugali. Mgonjwa asitembee wala asiendeshe baiskeli. Aketi, atafutiwe gari, na likikosekana apakiwe kwenye pikipiki huku mtu mwingine amemshika kwa nyuma. Mkifika, mwambieni daktari maumivu yalianza saa ngapi, na mgonjwa alikuwa akifanya nini wakati huo.