SOMO LA URAIA: NANI ATASHIKA KITI?



Kiongozi wa chama kinachotawala akikaribia kung'atuka, maneno huwa mengi. Kisimani, kilabuni, kwenye mashine ya kusaga, kila mtu ana jina lake. "Ni fulani, bwana, mambo yamekwisha!" Ukimwuliza kajuaje, atakuambia eti kasikia mjini. Wahenga walisema: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Je, ni kila lisemwalo? Leo tutazame yaliyotokea hapa nchini kwetu, Tanzania, mwaka 1985.

Majina yalivyotajwa

Mwalimu Julius Nyerere alikuwa Rais tangu Desemba 1962. Chama Cha Mapinduzi kilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977, yeye ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wake. Ikajulikana kwamba mwaka 1985 hatagombea tena urais. Basi watu wakaanza kutabiri.

Kwanza wengi walimtaja Edward Sokoine, Waziri Mkuu. Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine alifariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Taifa lililia.

Salim Ahmed Salim akawa Waziri Mkuu. Sasa wengi wakasema: ni huyu. Wengine wakamtaja mzee Rashidi Kawawa, kiongozi wa tangu enzi za TANU. Waliomtaja Ali Hassan Mwinyi hawakuwa wengi. Yeye alikuwa ameshika uongozi wa Zanzibar mwaka 1984 tu, baada ya Aboud Jumbe kujiuzulu.

Agosti 1985 vikao vya Chama vilikutana Dodoma. Jina lililotoka ni la Mwinyi. Oktoba wananchi walipiga kura ya ndiyo au hapana, kwa kuwa wakati ule chama kilikuwa kimoja. Tarehe 5 Novemba 1985 Mwinyi akaapishwa. Waliokuwa wameapa kwamba wanajua wakabaki wameshika tama.

Viti ni viwili

Hapa wengi wetu huchanganya. Urais ni kiti cha Serikali. Uenyekiti ni kiti cha Chama. Mwalimu aliacha urais mwaka 1985, lakini uenyekiti aliuacha mwaka 1990, ndipo Mwinyi akaushika.

Mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka 2021. Rais John Magufuli alifariki tarehe 17 Machi. Katiba ya nchi inasema Rais akifariki, Makamu wa Rais anashika nafasi yake mpaka muda uliobaki uishe. Kwa hiyo Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 Machi. Uenyekiti wa Chama ulisubiri Mkutano Mkuu. Alichaguliwa tarehe 30 Aprili. Kila kiti kilifuata sheria yake.

Tena tuangalie neno "kurithi". Shamba la baba hurithiwa. Kiti cha uongozi hakirithiwi, mtu huteuliwa na vikao na kupigiwa kura. Mwaka 2015 wanachama zaidi ya 30 wa CCM waliomba kugombea urais. Kamati Kuu ilibakiza majina matano, Halmashauri Kuu ikabakiza matatu, Mkutano Mkuu ukachagua moja, la Magufuli. Edward Lowassa, aliyetajwa sana mitaani, hakuwemo hata katika yale matano.

Kwa nini yatuhusu?

Mtu anaweza kusema: "Awe huyu, awe yule, mimi jembe langu ni lile lile." Sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari na khanga vilikuwa adimu. Tulipanga foleni. Mlango wa biashara ulianza kufunguliwa mwaka 1984, na Mwinyi akaufungua zaidi, hata watu wakamwita Mzee Ruksa. Bidhaa zikarudi madukani, ingawa wenye fedha kidogo waliziona tu kwa macho. Basi mabadiliko ya kiongozi yaliingia mpaka jikoni mwetu.

Kwa hiyo kuzungumza si kosa. Kosa ni kuzungumza jina tu. Kwa ajili ya jina ndugu hununiana, na wajanja hupita wakijidai ni watu wa "rais ajaye" na kuomba michango. Jina likianguka, mchango haurudi.

Tupepete habari kama tunavyopepeta mpunga. Tukisikia jina, tuulize hivi:
1. Nani kasema, naye kajuaje?
2. Ni kikao gani chenye uwezo wa kuamua, nacho kimekaa?
3. Mtu huyo anasema nini juu ya bei ya mazao yetu, maji, zahanati na shule?

Swali la tatu ndilo kubwa. Makapi yatapeperuka, punje zitabaki.

Maneno ya kujifunza

Kung'atuka: kuacha uongozi kwa hiari. Neno hili lilienea kwa Mwalimu, naye alilitoa katika lugha yake ya Kizanaki.
Uvumi: habari inayoenea bila kujulikana chanzo chake.
Kuteua: kuchagua mtu kwa kazi au nafasi fulani.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kwa nini utabiri wa wengi haukutimia mwaka 1985?
2. Eleza tofauti ya Mwenyekiti wa Chama na Rais.
3. Kijijini kwetu, ni uvumi gani umewahi kutugombanisha? Tungeupepeta vipi?
4. Andika sentensi tatu: mambo ambayo ungependa kumwuliza mtu anayetaka kutuongoza.

Asiyeweza kuhudhuria kikundi asomewe somo hili nyumbani.