Ukinunua kiwanja Kilosa au Mikumi, muulize kwanza dada wa muuzaji

Ndugu msomaji, tangu treni ya umeme ya SGR ilipoanza kupeleka abiria hadi Dodoma mwaka 2024 ikipitia Kilosa, wageni wanaotafuta viwanja katika wilaya hii wameongezeka machoni petu. Wengine ni wastaafu waliochoka na joto na foleni za Dar es Salaam. Wengine ni vijana wanaoona kwamba Mikumi, mji ulioko kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma, una biashara ya wasafiri na watalii. Si vibaya. Kutafuta makazi ya halali ni jambo jema, na nyumba yenye nafasi na jirani mwema vimetajwa na Mtume (s.a.w.) kuwa ni katika mambo ya furaha ya mtu hapa duniani.

Lakini mimi ninayeishi hapa Mikumi naona watu wanavyonunua. Mtu anashuka kwenye basi asubuhi, dalali anampeleka shambani kwa bodaboda, jioni anarudi mjini na karatasi mfukoni. Ameuliza bei, ameuliza umeme, ameuliza maji. Hakuuliza hii ardhi ni ya nani. Je, huyo kanunua kiwanja au kanunua kesi?

Suala la kwanza ni la muuzaji. Sehemu kubwa ya mashamba huku ni ya urithi. Mzee amefariki, mirathi haikugawanywa, na kijana mkubwa ndiye anayelima. Akija mgeni na fedha, kijana anauza eneo lote kama lake. Dada zake wameolewa Ruaha, Dumila au Morogoro mjini, hawana habari. Nakumbuka familia moja ya jirani zetu ambayo dada watatu walirudi msibani wakakuta msingi wa nyumba ya mtu wasiyemjua juu ya shamba la baba yao. Mnunuzi alikuwa na karatasi yenye muhuri. Dada nao walikuwa na haki. Kesi ilikwenda miaka, na ndugu wale mpaka leo hawasalimiani.

Sasa tuulizane. Allah (s.w.) katika Suratun Nisaa, aya ya 7, amewawekea wanawake fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi. Aya ya 11 imetaja mafungu yenyewe. Kijana anayeuza fungu la dada yake anauza kisicho chake. Na mnunuzi anayejua kuna dada, akanyamaza kwa kuwa bei ni nzuri, atasema nini? Mtume (s.a.w.) ametuonya, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba anayechukua ardhi kwa dhulma hata kiasi cha shibiri atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Shibiri moja! Sembuse nusu ekari?

Kwa hiyo muulize muuzaji: Shamba umelipataje? Kama ni urithi, msimamizi wa mirathi ni nani na ameteuliwa na mahakama? Ndugu zako wako wangapi? Kisha wapigie simu wote, na wa kike wawe wa kwanza. Kama ni nyumba ya mtu na mkewe, mke naye aridhie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Suala la pili ni ardhi yenyewe. Kwa sheria za nchi yetu ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na sisi tunamilikishwa haki ya kuitumia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, imeikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, lakini halmashauri hiyo haiwezi kumgawia mtu ardhi bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kukubali. Maana yake muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Omba uone muhtasari wa mkutano.

Halafu tembea kwa miguu uone mipaka. Barabara kuu ina hifadhi yake: kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Reli nayo ina hifadhi yake. Upande mwingine ipo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, na tembo hawasomi mabango. Mwenye shamba la mahindi pembezoni mwa hifadhi analala macho msimu wa mavuno, na kifuta jasho cha serikali hakilingani na gunia zilizopotea.

Kwa upande wa Kilosa, uliza habari za mto Mkondoa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 mto ule ulivunja kingo, maelfu ya watu wakakosa makazi wakawekwa kwenye mahema, na reli ya kati ikakatika. Januari 2014 mafuriko yakaikumba Magole na Dumila. Wenyeji wanajua maji yalifika wapi. Dalali anajua pia, ila hatakwambia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kiwanja cha bei rahisi kando ya mto wakati wa kiangazi, urahisi wake una sababu.

Suala la tatu ni jirani. Wilaya hii imeonja uchungu wa ugomvi wa ardhi. Desemba mwaka 2000, Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Kabla ya kununua, uliza: hapa ng'ombe hupita wapi kwenda majini? Njia ya watu kwenda kisimani ni ipi? Ukiweka ukuta juu ya njia iliyotumika miaka 40, umejenga uadui kabla ya kujenga nyumba.

Wanazuoni wamezungumza juu ya shufaa, yaani haki ya mshirika kununua kwanza fungu la mwenzake kabla halijaenda kwa mgeni. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi haki hiyo ni ya mshirika katika mali isiyogawanywa, na Wahanafi wanaifikisha hata kwa jirani. Hata kama hulazimiki kwa jirani, adabu inakutaka umtake shauri. Jibril (a.s.) alimuusia Mtume (s.a.w.) juu ya jirani mpaka akadhani atamrithisha.

Suala la nne ni fedha. Ndugu zetu walioko Uingereza walipata tabu kubwa katika jambo hili, kwani nyumba kule hununuliwa kwa mkopo wa riba wa miaka mingi. Wakadai utaratibu ambao benki hununua nyumba kisha ikamuuzia au kumkodishia mteja. Mwanzoni ushuru wa serikali ulitozwa mara mbili, benki inaponunua na mteja anaponunua, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2003. Hapa kwetu Benki ya Amana ilianza kazi mwaka 2011. Na kwa mnyonge asiyefika benki, zipo njia: kubalianeni na muuzaji bei moja na muda maalumu wa kulipa kwa mafungu. Hata bei ikiwa juu kuliko ya taslimu, wanazuoni wengi wameruhusu, mradi ikatwe kabla hamjaachana na isiongezwe kwa kuchelewa.

Mwisho, andikeni. Suratul Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandika deni la muda na kuweka mashahidi. Waswahili nao wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni majina ya warithi wote, majirani wa pande nne, vipimo, bei, tarehe za malipo, na kila mmoja atie saini, dada nao watie. Kama kuna mgogoro, Baraza la Kata lipo kusuluhisha, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo kuamua.

Ndugu yangu unayekuja kwetu, karibu sana. Nafasi ipo. Lakini kama muuzaji anakwambia fanya haraka, dada yake asijue, basi rudisha fedha mfukoni na upande basi. Kiwanja kingine kitapatikana, Insha Allah.

Wabillahi tawfiiq.