«Weedkiller»: neno moja, vipande viwili



Musimu uliopita mama mmoja wa koperativi yetu alinunua ku soko chupa ya dawa iliyoingia kutoka Uganda. Muuzaji akamuambia: «Mama, hii inamaliza majani, jembe litapumzika.» Ku chupa kuliandikwa «weedkiller». Mutoto wake, anayesoma Kiingereza kidogo ku masomo, akamutafsiria: muuaji wa magugu. Mama akapompa shamba lote la maharagi bila woga, sababu maharagi si magugu. Kisha siku kama kumi, magugu na maharagi vilikuwa vimekauka pamoja.

Mutoto hakukosea. Neno linasema vile kabisa. Lakini tuliangalie vizuri.

Kiingereza kinapenda kushikanisha maneno mawili yakuwe moja. Kipande cha nyuma kinataja kitu chenyewe, kipande cha mbele kinasema ni cha namna gani. Kwetu ni kinyume: tunasema «nyumba ya ngombe», wao wanasema «cowshed», ngombe mbele na kibanda nyuma. «Seedbed» ni kitanda cha mbegu, ile tunaita pepinyeri. Basi soma kuanzia nyuma. Ku farmasi utakuta «painkiller», muuaji wa maumivu, ni dawa ya kumeza wakati kichwa kinauma. «Killer» ni ileile, lakini moja inaingia mu kinywa na ingine ni sumu. Kwa hiyo kusoma kipande kimoja tu haitoshi.

Kipande «weed» njo kinadanganya watu. (Vijana waliofika Kampala watacheka, maana kule ku barabara «weed» ni bangi. Ku chupa ya dawa si vile.) «Weed» ni mumea wowote ambao mwenye shamba hautaki mahali pale. Lengalenga uliyopanda ni mboga. Ikiota yenyewe kati ya vitunguu, ni «weed». Hata shina la mahindi ya musimu uliopita, likitokea katikati ya maharagi, ni «weed». Anayeamua ni wewe. Dawa haikuuliza, na haijui ulipanda nini.

Dawa inajua kitu kingine. Tafuta chini ya jina kubwa, kwa herufi ndogo. Ukiona «glyphosate», hiyo inaua karibu kila mumea wa kijani inaogusa majani, na inashuka mpaka ku mizizi. Inapompwa mbele ya kupanda, haipompwi juu ya maharagi wala mahindi yaliyoota. Ukiona «2,4-D», hiyo inaua mimea ya majani mapana na kuacha ile ya jamii ya nyasi, kama mahindi, mupunga na mutama. Sisi wengi tunachanganya mahindi na maharagi mu shamba moja: hapo mahindi yatabaki na maharagi yatakufa. Muhogo na tomati pia vinaumia, hata na masalio mu pompi iliyosukuliwa vibaya. Anayeweza, aweke pompi moja ya magugu tu.

Mara nyingi etiketi haiandiki «weedkiller», inaandika «herbicide». Aliyesoma Kifaransa analijua tayari. Mwisho «-cide» ni kuua, na mbele kunasemwa nani anakufa: «insecticide» ni ya wadudu, «fungicide» ni ya ukungu.

Tena, mustari wa rangi chini ya etiketi unaonyesha ukali wa dawa kwa mutu. Rangi ya kijani haimaanishi kwamba maharagi yatapona.

Kwa mukutano ujao, kila mwanamemba anakili ku karatasi maneno yote ya etiketi ya dawa aliyo nayo, makubwa na madogo. Chupa yenyewe ibaki kule inafungiwa, mbali na watoto. Tutasoma pamoja, kuanzia nyuma.