Skrubu ipi kwa paa la mbao?

Swali: Naezeka nyumba hapa Kyumbi. Hadwea wana skrubu za mabati za aina mbili. Kenchi zangu ni za mbao, nichukue zipi?

Jibu: Tazama ncha, si kichwa. Vichwa vyote vina pembe sita na washa ya mpira. Ncha iliyochongwa kama keekee, yenye meno yaliyosongamana, ni ya kutoboa chuma. Kwenye mbao hushika kidogo, na upepo ukivuma bati huanza kucheza. Chukua zenye ncha kali na meno yaliyoachana. Zifungwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni maji yanakopita. Mpira ukianza kutuna, inatosha. Ukikandamizwa hadi upasuke, patavuja. Mwambie fundi kabla hajapanda ngazi.